Bustani Nyuma ya Minyaa

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Bibi shamba wa kata alituambia akina mama kwenye mkutano: ukipanda kitu andika tarehe, usiamini kichwa. Basi naandika. Mimi ni Lukresia, mama Leonsi, wa hapa Bonga. Leo nimepanda mnafu na sukuma wiki kwenye viroba nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Katikati ya kila kiroba nimepanga mawe ili maji yashuke mpaka chini, na ubavuni nimetoboa matundu ya miche. Ardhini nimefukia mahindi na viazi, na mbaazi pembeni.

Asubuhi padri ametupaka majivu kwenye paji. Nimerudi nikachota majivu ya jikoni nikayanyunyizia sukuma ya zamani, maana imejaa wadudu mafuta. Leonsi mgongoni akanyoosha mkono akajipaka mashavu. Nikamwambia, wewe ni mavumbi na mavumbini utarudi, ila siyo leo, leo unyonye kwanza. Akacheka na kale kajino kake.

Kwa nini nalima uani nitaandika pia, nisije kusahau siku nikichoka. Unga tunaokula unatoka shamba la familia kule Sigino, na ufunguo wa stoo anao shemeji Rogath, kaka wa mume wangu. Anauvaa shingoni kwa kamba kama rozari. Yeye anakaa kiwanja cha pili, ng'ambo ya ua wa minyaa. Unga ukiisha mama mkwe ananituma kwake na beseni. Rogath anafungua taratibu, anashika debe, halafu ananiuliza: "Shemeji, hivi unakula cha nani?" Mpaka nijibu "Chako, shemeji" ndipo anapima. Wilbert wangu alipokuwepo hakuthubutu. Tangu Wilbert aende Mererani kuchimba tanzanite, baada ya Krismasi, ndiyo mchezo wake.

Nataka siku moja aniulize na mimi nimjibu, "Changu."

8 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Nimelisogeza lile pipa la bluu chini ya bati. Bomba huku linatoa maji linapojisikia, kwa hiyo pipa ndiyo roho ya bustani.

14 Machi, Ijumaa

Imeota! Mnafu umetoka, hata sukuma. Nimemwita Mama Devota jirani aje aone. Amechungulia akasema, "Mwenzangu, hicho ndicho umeniitia, nimeacha maharage motoni?" Lakini aliinama akakaa muda akiangalia. Na yeye analea peke yake, anajua.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage. Sikuona hata akigeuka. Huyu mama sijui nimemkosea nini. Nikimwamkia anaitikia, nikimpa chakula anakula, basi. Mama Devota ananiambia ua ule wa minyaa aliupanda yeye alipoletwa hapa bi harusi, kijiti kimoja kimoja. Sasa umepita bati. Ningekuwa mimi ningeusifu kila siku, ila yeye anakaa tu kama hana habari nao.

17 Machi

Mvua. Leonsi ana kikohozi.

22 Machi, Jumamosi

Leo nimepigwa kwa ajili ya nguruwe.

Rogath ana jike lake la nguruwe, limeachiwa toka asubuhi. Lilipenya chini ya minyaa, pale palipo wazi karibu na choo. Nilisikia viroba vinaanguka. Nikatoka mbio nikakuta pua yake imezama kwenye mnafu wangu, anatafuna na udongo. Nikaokota jiwe la katikati ya kiroba nikampiga la mbavu. Akalia kama mtu anachinjwa.

Rogath akaja. Hakuuliza chochote. Alinipiga kibao, sikio likaanza kupiga kelele, halafu akanishika nywele akaniinamisha mpaka pale pua ya nguruwe ilipokuwa.

"Hii ardhi ya nani?"

Udongo ulikuwa mdomoni.

"Nakuuliza, shemeji. Ya nani?"

"Yako."

"Na wewe unakula cha nani?"

"Chako."

"Basi nguruwe wangu anakula kwangu. Wewe ndiye mgeni."

Leonsi alikuwa mgongoni muda wote. Nilihisi anavyonishika kanga. Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo wake. Hakusimama.

Mkewe Rogath, Xaveria, alikimbilia kwao Dareda mwaka juzi na meno pungufu. Watu walisema ana kiburi. Hata mimi nilisema. Xaveria nisamehe huko uliko.

23 Machi

Sikio linauma. Misa sijaenda.

29 Machi, Jumamosi

Ajabu. Ile miche iliyofukuliwa na nguruwe niliiacha imelala, sikuwa na moyo. Leo nimekwenda kutupa maji ya vyombo nikakuta imesimama, imeshindiliwa vizuri, na lile tundu karibu na choo limezibwa na miiba. Nimedhani ni Mama Devota. Nikamshukuru kupitia ua. Akasema, "Mimi? Nina muda huo mimi? Labda malaika. Malaika wa Bonga wana kazi sana siku hizi."

1 Aprili, Jumanne

Wilbert amepiga simu! Ameazima ya mtu. Nilikaa kwenye ndoo nyuma ya nyumba ili mtandao ushike. Nilimwambia jino la pili la Leonsi limetoka. Akafurahi. Nilimwambia na habari ya kaka yake, nguruwe, kibao. Nilisikia wenzake wanacheka nyuma yake.

"Lukresia, muachie tu," akasema. "Kaka ana hasira tangu utoto. Amepata mtu anataka kununua hiyo sehemu ya nyuma, aweke gereji ya bajaji. Muachie, tuishi kwa amani."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Mke wangu, ni mboga tu."

Simu ikakatika. Sijui iliishiwa au aliikata.

Nilikuwa nikilala namuwaza Wilbert kama ukuta uliopo nyuma yangu, sema tu uko mbali. Leo nimeegemea nikaona hakuna kitu.

Nimepalilia mpaka jua limezama.

6 Aprili

Mvua, mvua. Mahindi yamefika magotini. Nimechuma mnafu wa kwanza, kiganja kimoja.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Tumetoka kanisani na matawi yetu nikamkuta mnunuzi uani. Anaitwa Pantaleo, mtu wa mjini, viatu safi. Ameshika tepu upande mmoja, Rogath upande mwingine, wanapima juu ya mahindi yangu. Walikuwa wanayakanyaga.

Sikuwa na nguvu za kupigana nao. Nikaenda nikakaa chini katikati ya tuta, juu ya tepu yao, nikamtoa Leonsi mgongoni, nikamnyonyesha.

Pantaleo akageuza uso. "Rogath, vipi tena?"

"Shemeji, ondoka hapo."

"Mtoto ananyonya, shemeji."

"Kanyonyeshee ndani!"

"Ananyonya polepole huyu. Akianza huwa hakatishwi."

Mama Devota akapaza sauti kutoka kwake: "Mnyonyeshe vizuri mama, mtoto asinyonye upande mmoja!" Pantaleo akaikunja tepu yake. Akasema kwa upole, lakini nilisikia: "Mimi sinunui ugomvi. Nisafishie eneo, ua utoke, bustani itoke, huyu dada atoke, ndipo uniite."

Nilicheka peke yangu jikoni. Nilicheka mapema.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala.

Mchana watu walikuwa kwenye Njia ya Msalaba. Mimi nilibaki kwa sababu Leonsi alikuwa na homa. Nilikuwa nainulia viazi matuta. Rogath akaingia kupitia mlango wa mbele, akapita ndani kama kwake, akachukua jembe la mama mkwe nyuma ya mlango, akagonga likatoka, akabaki na mpini. Alifanya hivyo bila haraka. Hakuwa amelewa. Hilo ndilo lilinitisha kuliko yote.

"Uliniaibisha mbele ya mtu," akasema.

Kipigo cha kwanza kilinipata mgongoni, cha pili kwenye paja. Nilianguka juu ya viazi. Niliinua mkono nikinge kichwa na hapo ndipo kidole cha kati kilipovunjika, nilisikia kama kijiti kikavu. Aliendelea. Alikuwa anahesabu maneno: "Ondoka. Kwenye. Ardhi. Yangu." Kila neno na kipigo chake. Nilitambaa kuelekea mlangoni maana Leonsi alikuwa ndani analia, na mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, palepale mlangoni. Niliishika miguu yake.

Nilisema, "Mama, mama, mwambie."

Alikuwa ameshika ungo. Maharage yalikuwa yanatetemeka kwenye ungo.

Rogath akatupa mpini akaondoka. Kabla hajatoka akang'oa sukuma za kiroba kimoja, akamwekea mama yake mapajani. "Mboga hiyo mama, pika."

Mama Devota alinipeleka kwa mjumbe. Mjumbe akaangalia kidole changu, akamwangalia Mama Devota, akasema, "Hayo mambo ya familia. Mume yuko wapi? Asubiriwe mume." Mama Devota akamwambia, "Na wewe subiri, ipo siku utaomba kura." Zahanati wamekifunga kidole na kijiti na bandeji. Mama Devota anataka twende dawati la jinsia polisi. Nimemwambia tutaenda baada ya Pasaka. Kusema kweli naogopa. Nikimshtaki, unga utapimwa na nani?

Yule bibi ana moyo wa jiwe. Nimeandika. Jiwe.

19 Aprili

Siwezi kuinama.

20 Aprili, Pasaka

Kumepambazuka sijalala kwa maumivu. Nikasikia kitu uani, nikadhani nguruwe. Nimechungulia.

Alikuwa mama mkwe. Amepiga magoti kwenye matope na kitenge chake cha kanisani, anaichomeka miche ya sukuma kwenye kiroba, mmoja mmoja, na kuishindilia kwa dole gumba. Alikuwa amechemsha maji ya majivu kwenye kopo anainyunyizia. Alikuwa anaongea nayo Kiiraqw taratibu, kama mtu anavyombembeleza ndama.

Nilitoka. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakugeuka. "Kidole?"

"Kinauma."

"Kitauma mvua zote, halafu kitaacha." Akavuta blauzi yake begani. Mfupa wa bega umekaa vibaya, umenyanyuka kama kigingi. "Hili ni la Rogath. Nilimnyima pesa ya pombe. Wilbert alikuwa darasa la saba, aliona, akakimbia akajificha kwenye mahindi." Akaufunika tena. "Ndiyo maana siku ile sikusimama. Nikisimama ananimaliza, halafu nani atakuonyesha pa kupanda?"

"Kwa hiyo ile miche ya mwanzo ni wewe, mama?"

"Ulidhani nguruwe ametubu?"

Nilicheka nikaumia mbavu. Akaniambia nikae, nimuangalie anavyofanya, maana huwa nachomeka miche juu mno, mizizi inapigwa jua. Yaani tangu Machi alikuwa anaona ninavyokosea na amekaa kimya. Nilimkasirikia na kumpenda papo hapo.

Misa hatukwenda, uso wangu hauangaliki. Tumekula sukuma yetu. Ugali bado ulikuwa wa Rogath.

26 Aprili

Mama amenifundisha kufukia maganda na samadi iliyooza chini ya mahindi. Samadi mbichi inaunguza, anasema, kama maneno ya asubuhi.

3 Mei, Jumamosi

Mahindi yametoa mbelewele. Mbaazi zimenifika kiunoni. Mama anasema tukiyalinda haya, na maharage yake, na viazi, tutafika mpaka vuli bila kubeba beseni kwenda ng'ambo. Amesema "tu". Pipa limejaa mpaka linamwagika.

Rogath anapita barabarani hatusemeshi. Mama Devota anasema amemwona kwa Pantaleo anabembeleza. Nikilala naweka kisu cha mboga chini ya godoro.

10 Mei, Jumamosi

Nitaandika yote hata kama mkono utakufa ganzi.

Jana mvua ilinyesha kutwa. Leo asubuhi jua limetoka na upepo, minyaa imevimba maji inang'aa. Hata mtoto wa chekechea hapa kwetu anajua: mnyaa huukati ukiwa umetoka kunyeshewa, maana utomvu umejaa; huukati ukiwa umeelekea upepo; huukati juu ya kichwa chako. Utomvu ule ukiingia jichoni ni moto.

Mchana Rogath alikuja na panga. Safari hii alikuwa amelewa, gongo ilinuka kabla hajafika. Pantaleo alikuwa amempa mpaka Jumatatu eneo liwe jeupe.

Alianza na pipa. Alilipiga panga mara moja tu ubavuni na maji yote yakatoka kwa mkupuo, yakapita mlangoni, yakachukua mbegu nilizokuwa nimeanika. Halafu akageukia viroba. Alivichana matumbo. Halafu mahindi. Alikuwa anayafyeka usawa wa kiuno, na mabua yalikuwa yanalala upande mmoja kama watu wanaosujudu, na yeye anapita juu yao.

Nilimweka Leonsi ndani kwenye mkeka, nikatoka na jembe.

"Shemeji, acha!"

"Sogea nisikuchinje."

Nilisimama mbele ya mbaazi. Akanipiga kwa ubapa wa panga, hapa sikioni, lile lile sikio. Sikuanguka. Damu iliingia kwenye kola. Alinyanyua tena, na hapo mama mkwe akatoka.

Hakukimbia. Alipita katikati ya mabua yaliyolala akaenda kusimama mbele ya ua wake wa minyaa, akafungua mikono.

"Rogath. Huu niliupanda mimi, na wewe nilikubeba tumboni nikiupanda. Anza na mimi."

"Mama toka."

"Sitoki."

"Mama!"

"Sitoki, nimesema. Nimekuogopa vya kutosha. Nimechoka."

Alimsukuma kwa mkono wenye panga. Mama aliangukia mawe ya kiroba na nikasikia pumzi ikimtoka. Rogath hakumtazama. Akaanza kuukata ua, kwa juu, akivuta matawi kwa mkono wa kushoto na kufyeka juu ya kichwa chake, upepo ukimpiga usoni.

Mama Devota alikuwa amepanda ndoo upande wake anaona. "Rogath, upepo!" akapiga kelele. "Upepo, mpumbavu wewe, geuka!"

"Nyamaza, malaya!"

Akavuta tawi kubwa akalikata. Utomvu ulimwagika kama mtu amekamua kitambaa, mweupe, paji lote, macho yote. Alisimama kidogo kama anayesikiliza. Halafu akafanya kosa la pili: akajifuta kwa viganja, na viganja vyenyewe vilikuwa vimelowa utomvu.

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Panga lilidondoka. Alianguka magoti akawa anausugua uso kwenye udongo. "Maji! Maji jamani! Mama, maji!"

Maji hayakuwepo. Alikuwa ameyamwaga mwenyewe. Bomba halijatoka tangu Alhamisi. Mama Devota alirusha kidumu chake kupitia ua, kilikuwa nusu, tukamwagia machoni kikaisha, na bado analia na kope zimeanza kuvimba kama maandazi. Mama Devota akakimbia kutafuta mengine kwa jirani na kuita bodaboda.

Kichwa chake kilikuwa chini, karibu na miguu yangu. Shingo ilikuwa wazi, na ile kamba ya ufunguo. Jembe lilikuwa mikononi mwangu.

Naandika ukweli. Nililinyanyua.

Nililinyanyua mpaka juu ya bega, na kidole kilichovunjika hakikuuma hata kidogo. Nilichagua na pa kupiga. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mawe anashika mbavu, ananitazama. Hakunikataza. Alisema polepole, kama anavyonielekeza miche:

"Ukimuua, utafungwa, na Leonsi atalelewa na nani? Ukimwacha awe kipofu, tutamlisha sisi mpaka afe. Kutoka kwenye bustani hiyo hiyo. Kila siku ya Mungu utamkatia mboga na kumwekea mkononi." Akapumua. "Macho yaoshwe. Maji hakuna. Wewe una maziwa."

"Sitaki."

"Najua."

"Mama, sitaki! Ameninyanyasa mbele ya mtoto."

"Najua. Usifanye kwa ajili yake."

Ndani Leonsi alikuwa analia. Rogath naye alikuwa analia, na baada ya muda sauti zao zikawa moja, siwezi kuieleza vizuri. Na maziwa yakashuka. Mimi sikuyaita. Nilihisi kifua kinachoma na blauzi imelowa mbele, pande zote mbili. Mwili wangu ulikuwa umeshaamua bila kuniuliza, na nilikuwa na hasira nao.

Nikatupa jembe. Nikakaa chini kwenye matope, nikakivuta kichwa cha Rogath mapajani kwangu kwa nywele, kama yeye alivyonishika siku ya nguruwe. "Fumbua," nikamwambia. Hakuweza. Nikazifungua kope kwa vidole, nikakamua. Jicho la kulia, jicho la kushoto, jicho la kulia. Yalikuwa yanatiririka mpaka masikioni mwake. Alikuwa ananishika mkono wenye bandeji, ameung'ang'ania, na maumivu yale niliyavumilia.

Alikuwa anasema, "Shemeji. Shemeji. Shemeji." Basi, hilo tu.

Mama mkwe alitambaa mpaka pale. Alikuwa na kisu cha mboga. Nilidhani sasa yeye ndiye atammaliza, nikafumba macho. Alichofanya ni kuingiza kisu chini ya ile kamba ya shingoni akaikata. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili.

"Kamua," akaniambia. "Usimalize yote, Leonsi hajanyonya."

11 Mei, Jumapili

Daktari amesema kilichomsaidia Rogath ni macho kuoshwa mapema. La kulia litaona. La kushoto litabaki na ukungu. Mama mkwe ana mbavu zilizopata ufa, amekataa kulazwa. Sikio langu limeshonwa. Nesi alipouliza nani kanikata, mama mkwe alijibu kabla yangu: "Mwanangu. Andika jina, mimi nitasema." Tumekwenda dawati la jinsia tukitoka hospitali, mimi, mama, Leonsi na Mama Devota. Tumesema. Wameandika. Mama alitia dole gumba lake, lile la kushindilia miche.

Mahindi aliyoyafyeka tumeyakusanya. Yalikuwa machanga, maji matupu. Tumeyachemsha tukala yote na Mama Devota na wanawe mpaka tumbo likaniuma. Nilikula changu, kwa hasira.

15 Mei

Mbaazi hazijaguswa hata moja. Nilisimama mbele yake, nazo zimesimama.

18 Mei, Jumapili

Wilbert amepiga. Kwanza aliuliza, "Mmemfanya nini kaka?" Nikampa mama simu. Sikusikia alichoambiwa upande ule, ila mama alisema, "Ulijificha kwenye mahindi ukiwa mtoto, nikakusamehe. Sasa una mtoto." Akanirudishia. Nikamwambia Wilbert nyumba ipo, mboga zipo, akitaka kurudi arudi ashike jembe. Akija na maneno ya kaka yake, abaki na mawe yake huko.

Alilia. Sijui kama ni kitu au siyo kitu. Nitaona.

25 Mei

Pantaleo amenunua kwingine. Rogath polisi walimshikilia wakamwachia kwa dhamana, kesi bado ipo.

Mama amenionyesha jinsi ya kuurudisha ua: yale matawi aliyoyakata hayatupwi, unayachomeka kwenye nafasi, yanaota. Tumefanya jioni, upepo mgongoni, mifuko ya nailoni mikononi. Mama anachomeka ameketi kwa sababu ya mbavu, mimi natoboa. Leonsi yuko kwa Mama Devota, mbali na utomvu. Viroba nimevishona kwa kamba ya katani. Pipa limezibwa na lami na kipande cha tairi, linavuja kidogo, na pale linapovuja nimepanda matembele.

1 Juni

Mvua zimeisha. Leo tumefungua stoo, mama na mimi. Alinipa ufunguo nifungue mwenyewe. Nilipima debe, nikasubiri kama mjinga nisikie swali. Mama akasema, "Unasubiri nini? Mfuniko, panya wataingia."

7 Juni, Jumamosi

Jioni nilikuwa nachuma mnafu. Nikasikia mtu anakohoa kwenye pengo la ua, pale vijiti vipya vilipo. Ni Rogath. Amekonda. Jicho moja limefunga utando, na lile zima lilikuwa linanitafuta, halafu linaangalia chini. Alisimama upande wake, hakukanyaga vijiti.

"Mama Leonsi."

Hajawahi kuniita hivyo. Kwake nilikuwa shemeji tu.

"Abee."

"Naomba mboga."

Lile swali lake, unakula cha nani, lilikuwa mdomoni mwangu. Nililitunza tangu Machi, nililiandika humu siku ya kwanza kabisa. Ningemuuliza angejibu, maana njaa ilimjaa usoni. Leonsi alikuwa amekaa kwenye tuta, ameshika jani, anamwangalia baba yake mkubwa kwa mdomo wazi. Sikumuuliza.

Nilimkatia sukuma kwa kisu cha mboga, yale majani ya chini makubwa, na mnafu juu yake, nikafunga kwa ganda la mgomba, nikampitishia juu ya vijiti.

Akasema ahsante. Akabaki amesimama, kama kuna kingine anataka kusema. Nilisubiri mpaka alipogeuka akaenda zake. Kisu sikukiweka chini.